Shavu la Mtakatifu Petro

Katika mji wa Paete, huko Ufilipino, asiyechonga sanamu hupiga msasa, na asiyepiga msasa husimama pembeni kukosoa. Hao wa mwisho ndio wengi. Kazi ya Aling Iska ilikuwa rangi. Miaka arobaini na sita aliwapaka watakatifu rangi ya mbao, akafuta, akapaka tena, akafuta, mpaka mishipa ya mti ikajitokeza kama ya mkono wa mtu hai. Kupaka hata mbuzi ataweza akifungiwa brashi mkiani. Kufuta ndiko kazi.

Mtakatifu Petro huyu alichongwa na marehemu mumewe, Mang Teban, kabla kifua hakijamuua. Mbao aliitafuta wiki tatu, apate mshipa wa kuteremka shavuni mpaka shingoni kama chozi, maana Petro alilia jogoo alipowika. Ndiyo kazi yake ya mwisho, na Aling Iska aliapa chozi lile litaonekana.

Sasa sanamu alikuwa ameinunua Donya Pacing. Huyu alitajirika kwa nguruwe, tena juzi tu. Nyumba alishapata, gari alishapata; alichokosa ni mababu.

"Iska, mpake awe mweusi tii. Mishipa inaonyesha mti mpya."

"Donya, rangi isiyofutwa ni tope."

"Basi tope! Huyu aliletwa na babu wa babu yangu kutoka Hispania."

"Alikuja naye, au alimtanguliza na nguruwe?"

"Chunga mdomo wako, Iska!"

"Nauchunga tangu asubuhi, Donya. Umenishinda."

Aling Iska akakung'uta sketi, akaenda zake. Donya akampa dereva wake brashi. Dereva akapaka mikono minne, mmoja juu ya mwingine, asubuhi ya Jumatano Kuu yenyewe, kwa joto lile la unyevunyevu. Petro akatoka kama aliyeokolewa kwenye moto.

Alasiri maandamano yalipofika kanisani, Aling Iska alikuwa langoni. Alikuwa amesema hatakuja. Alipoona shavu limezikwa, alivuta kilemba chake mpaka machoni, kama siku ile ya kumzika Teban.

Gari la sanamu likasimama, na watu, kama kila mwaka, wakalipanda na leso zao: mtu humfuta mtakatifu, kisha hujifuta mwenyewe mahali panapouma. Rangi ilikuwa mbichi bado. Aling Iska alijua. Alifungua kinywa awaonye, akakifunga. Halafu akapaza sauti:

"Shavuni, jamani! Baraka iko shavuni!"

Wee! Wenye meno mabovu wakafuta, wenye mafua wakafuta, bibi mmoja mwenye baridi yabisi akafuta mara tatu, akainua sketi akajipaka magoti yote mawili. Donya Pacing, asikubali kupitwa kwenye mali yake, akafuta kuliko wote, akajipaka paji la uso, mashavu na shingo.

Kila leso iliondoka na tope kidogo. Chini yake mshipa ukaanza kuonekana, mwembamba, ukiteremka kutoka jichoni.

"Analia!" mtu akapiga ukelele. "Petro analia!"

Wakapiga magoti, nyuso zimepakaa weusi mstari mzima.

"Iska," Donya akanong'ona, akisugua shingo, "hii inatoka kwa kitu gani?"

"Ya dukani inatoka kwa mafuta ya taa. Ya Hispania sijui."

Aling Iska akapanda gari la sanamu taratibu, akavua kilemba chake. Walikuwa wameiruka shingo ya Petro. Akaanza kufuta, akifuata mshipa.