Mkamwana na Mfufua Bunduki

Katika ukoo alikoolewa, mchomeleaji mmoja aliitwa Mkata Makopo. Jina alipewa na baba mkwe wake, fundi bunduki mstaafu wa jeshi, aliyeamini kwamba chuma kina heshima zake, na kwamba mwanamke mwenye tochi ya gesi si mojawapo.

Karakana alikofanya kazi mkamwana huyo ilipewa bunduki kuukuu za jeshi iziue moja kwa moja. Kuziweka ghalani kulishindikana: ghala lilikuwa na mlango, mlango ulikuwa na mlinzi, na mlinzi alikuwa na marafiki. Shehena ya kwanza mkamwana aliikata mitutu, akarudi nyumbani roho kwatu. Haukupita muda, mwenye duka wa mtaani kwao akapigwa risasi ya mguu kwa bunduki mojawapo. Mtu alikuwa ameiokota kwenye vyuma chakavu, akaitia mtutu mpya, basi.

Msimamizi akatoa sharti. Kila mtindo wa kukata utajaribiwa na hodari wa kufufua. Akifufua, mkataji atafute kazi nyingine. Hodari mjini alikuwa mmoja tu, na kila jioni alikula meza moja na mkamwana.

"Mwanangu, sitakuonea huruma," mzee alimwambia.

"Usinionee, baba. Majambazi nao hawana."

Safari hii mkamwana alikata mwili wa bunduki katikati, kwa msumeno mwembamba, nadhifu kabisa. Kabla ya adhuhuri mzee aliuunga, akavuta kifyatulio, kikalia ta.

"Makopo," alisema kwa upole.

Msimamizi alimwongezea nafasi moja, ya mwisho.

Jioni ile mkono wa sufuria ulikatika. Mzee akashika vipande viwili, akafumba macho, akavikutanisha kwa kidole gumba.

"Vikikumbatiana tu, kazi imekwisha," alijisifu.

"Na visipokumbatiana?" aliuliza mama mkwe, ambaye kwa kawaida hakuwa na swali lolote kuhusu chuma.

"Hapo huna kitu. Una chuma tu."

Mama mkwe akamtazama mkamwana, kisha akaendelea kuchambua mchele.

Kesho yake mkamwana aliuacha msumeno, akafunga kwenye tochi mdomo mpana kuliko yote. Alikata mshazari, kupitia chemba ya risasi, mwili na bolti ya kusukumia risasi iliyokuwa ndani, kisha akakata tena kwenye kifyatulio. Kila alipopita, moto ulikula chuma upana wa kidole, kikadondoka sakafuni kama uji.

Mzee alikaa na vipande hivyo tangu asubuhi. Alivikutanisha, vikakataa. Akavigeuza, vikakataa kwa upande mwingine. Akachukua vya bunduki ya pili, kisha ya tatu. Chai yake ilipoa, ikaingia nzi, hakuona.

"Kipande cha katikati kiko wapi?" aliuliza hatimaye.

"Umekikanyaga, baba."

Aliinua kiatu. Chini palikuwa na tone la chuma, limeganda, halina umbo la kitu chochote duniani. Akalitazama kwa muda mrefu, jinsi watu wanavyomtazama aliyewashinda.

"Hii imekufa," alimwambia msimamizi. "Zikatwe zote hivi."

Kisha akakunja mikono ya shati, akashika mpira wa gesi ili usijipinde, kazi ya kibarua. Mkamwana akashusha kinyago, akawasha tochi. Bunduki zikaangamia rundo baada ya rundo mpaka jioni, na kila mzee alipoukanyaga mpira, alisikia sauti yenye adabu zote:

"Baba, mguu."

"Samahani, fundi," alijibu, akausogeza.