Mashine Yangu Ililia Kilimani

Jamani, bado naona aibu. Mimi natengeneza sanaa ya umeme, na juzi nilitega spika, taa na vifaa vya kunasa mtikisiko kwenye kilima cha mawe nje ya mji wa Mugumu, jirani na hifadhi ya wanyama. Nyumbu wakipita bondeni ardhi inatikisika, spika zinalia pii-pii-pii na taa zinawaka jiwe hadi jiwe. Alfajiri wakaanza kupita. Nilibaki mdomo wazi, utadhani si mimi niliyefunga zile nyaya.

Jua halijatoka, watu wakaanza kupanda. Wengi! Nikajisifu moyoni kwamba matangazo yangu ya sokoni yamefanya kazi. Walibeba sururu na makarai, lakini siku hizi huku kila mtu anachimba dhahabu, nikadhani wanapitia tu wakielekea mashimoni. Nikasimama juu ya jiwe, nikahutubia: "Ndugu zangu, sikujua mnapenda sanaa kiasi hiki!"

Mama mmoja mchimbaji akatua karai lake. "Sanaa ndiyo nini, mwanangu? Tumesikia mashine yako ya kupimia dhahabu ardhini inalia, tukaacha mashimo yetu. Sema tuchimbe wapi."

Kabla sijajibu, nyumbu wengine wakamiminika bondeni, weusi mpaka macho yanapoishia. Kilima kizima kikawaka, kikalia.

"Mungu wangu," mama akanong'ona, akinishika mkono. "Yote hii ni dhahabu?"

"Hapana, mama," nikasema. "Ni nyumbu."