Spika za Kibuyu Zimesimamisha Harusi Yangu

Msomaji huyu wa Emali ameomba tusitaje jina lake wala la kanisa lake. Msomeni mpaka mwisho, kisha mumjibu.

Hamjambo wasomaji. Mimi ni mwanaume wa miaka ishirini na tisa, fundi wa redio hapa Emali. Nina mchumba, nitamwita Mueni. Harusi yetu ilishatangazwa kanisani, lakini sasa imesimamishwa kwa sababu ya vibuyu viwili. Naandika nikiwa na hasira, kwa hivyo nikikosea mnisamehe.

Mchungaji wetu ana gari dogo kuukuu la kuhubiria sokoni, kuanzia hapa mpaka Kambu na Mtito Andei. Juu yake walikuwa wamefunga spika za boksi za mbao nzito, na kwenye buti kulikuwa na betri nyingine kubwa ya kuziendesha. Gari lilikuwa limechutama nyuma kama kuku anayetaka kutaga. Springi zilivunjika, zikatengenezwa, zikavunjika tena. Baba yake Mueni, ambaye ni mzee wa kanisa, akaja dukani kwangu mwenyewe. "Kijana, tutengenezee kitu nyepesi. Hii gari inatuaibisha."

Nani hataki kumfurahisha baba mkwe? Nikawaza ni kitu gani kikubwa, kigumu, lakini hakina uzito. Jibu lilikuwa limening'inia jikoni kwetu. Nilichukua vibuyu viwili vikubwa, nikavikata midomo, nikajaza pamba kidogo ndani ili sauti isivume, kisha nikafunga spika nilizotoa kwenye redio mbovu. Ile betri ya pili niliitupa nje. Amplifaya ndogo nikaiunganisha na betri ya gari lenyewe, na vibuyu nikavifunga kwenye keria kwa kamba ya mkonge. Ukivitoa, unabeba mtambo wote kwa mkono mmoja.

Tulipojaribu nje ya kanisa, Mchungaji alisema "Bwana asifiwe" na kila herufi ikasikika. Watu walipiga makofi. Baba mkwe alivigongagonga kwa kidole akacheka. "Kumbe hata kibuyu inaweza kuokoka!" Sikuficha chochote, wasomaji. Kila mtu aliona ni vibuyu.

Siku ya soko Mchungaji akaegesha gari karibu na wauza nyanya, akaanza kuhubiri. Hata hajafika mbali, mlevi mmoja akapaza sauti: "Kititi imeongea! Mundu mue amenunua gari!" Kwa asiyejua, mundu mue ni mpiga ramli wetu sisi Wakamba, na kititi ni kibuyu chake, kile anachokitikisa ili kimpe habari. Soko zima likaangua kicheko. Wamama wa nyanya walicheka mpaka wakashika mbavu. Mchungaji alizima mtambo akaondoka bila kufunga maombi.

Tangu hapo gari lina jina. Likitokea tu, watu wanasema kititi hicho kinakuja. Huko Kambu mama mmoja alimfuata Mchungaji, tena kwa heshima zote, akamwomba amwangalizie mbuzi wake aliyepotea.

Wazee wa kanisa wakaketi. Wakaamua nipige magoti mbele ya kanisa, nitubu kwa kuleta mambo ya uganga, kisha nivichome vibuyu uwanjani watu wakiona. Nisipofanya hivyo, hakuna harusi. Nilikimbia kwa baba mkwe kumwuliza. Nilimkuta ameketi nje, anakunywa uji kwenye kibuyu.

"Mzee, na hicho umeshika?"

"Hii inanyamaza," akasema. "Yako inaongea."

"Lakini si wewe ulisema kimeokoka?"

"Hiyo nilisema kabla watu wacheke."

Akaendelea na uji wake. Niambieni, mtu anajibu nini hapo?

Mueni alinisindikiza mpaka barabarani. "Choma tu," akasema. "Utatengeneza zingine na bati."

Nikamwambia bati lina uzito na linapiga kelele, na hilo hata si neno. Nikitubu, nimekubali mbele ya watu kwamba mimi ni mundu mue. Nitatubu dhambi ambayo sijatenda? Yeye akaniuliza, "Wewe si unasema ni kibuyu tu? Kama ni kibuyu tu, mbona huwezi kuichoma?"

Nilimkasirikia yeye, kisha nikajikasirikia mwenyewe kwa kukosa jibu, na mpaka leo sijalipata. Nampenda huyo msichana. Sitaki mwingine.

Nimepewa mpaka mwisho wa mwezi ujao. Vibuyu wamenirudishia, viko hapa kwenye meza yangu ya kazi. Jana niliviunganisha na redio kaseti nikaweka kanda ya kwaya yetu, ili tu nimsikie Mueni. Alitoka ndani ya kibuyu safi kabisa, hata ile pumzi anayovuta kabla ya kuanza ubeti niliisikia. Hicho ndicho wanataka nikiite cha shetani, mimi nimepiga magoti, naye ameketi na kwaya ananiangalia.

Ndugu zangu, mnijibu kwa ukweli, msinifurahishe. Nipige magoti nimpate, au nisimame wima nimkose?