Supa ya Kupandia Newala

Mume wangu alimwamini Mungu siku za Ijumaa, na petroli ya supa siku zote saba. Imani hii ya pili aliipata miaka ile ya ruksa, biashara zilipoachiwa huru, mfanyabiashara mmoja alipofungua kituo cha mafuta Masasi chenye pampu mbili, moja ya kawaida na moja ya supa. Kabla ya hapo tulikuwa na pampu moja tu, na siku nyingi hata hiyo ilikuwa kavu, kwa hiyo hakukuwa na cha kuchagua. Sasa wanaume wazima walikaa kutwa wakibishania petroli, hata wale wasio na baiskeli.

Sisi tulikuwa na pikapu ya mtumba kutoka Japani. Kila kiangazi ilipanda na mapipa manne ya maji hadi kwetu Newala, kwa wazazi wangu, maana kule juu maji yako bondeni, na mwanamke huyateremkia na ndoo tupu na kuyapandisha kichwani.

Siku moja mume wangu akafanya utafiti. Alipanda Newala kwa petroli ya kawaida, mapipa yamejaa, gari likilia gia ya pili mlima mzima. Alipofika akachovya ufito kwenye tangi, akaona limebaki tone. Akamimina supa aliyoibeba kwenye dumu, akateremka Masasi na mapipa matupu, sehemu kubwa ya mlima gari likijiendea lenyewe. Akachovya tena, akatangaza kwamba supa inatumika nusu tu. Nilimwambia kwamba hata mimi nikiteremka mlima ule sichoki. Akasema wanawake hawajui injini.

Jirani yetu wa Mkomaindo, hapo Masasi tulipoishi, fundi wa magari, alijaribu kumweleza taratibu. Supa haina nguvu zaidi, alisema, ila inastahimili kubanwa ndani ya injini bila kujiwakia kabla ya wakati. Injini iliyotengenezwa kwa supa ukiipa ya kawaida inagonga, na hapo ndipo inapokosa nguvu na kula mafuta. Yetu ilitengenezwa kwa ya kawaida na haijawahi kugonga, kwa hiyo kuitilia supa ni kumnywesha dawa mtu asiye na homa. Mume wangu alisikiliza yote kwa adabu, kisha akaninong'oneza kwamba fundi mwenyewe hana gari.

Halafu baba yangu akafariki. Kwetu, ukienda kwenye arobaini wakati wa kiangazi, huulizwi umeleta mchele kiasi gani, unaulizwa maji. Mimi binti mkubwa niliahidi mapipa manne kabla ya saa nne asubuhi, ili wapishi wapikie na watu wa khitma watawadhe. Mama alikuwa edani, amekaa ndani kwenye mkeka, hawezi kutoka kwenda kuomba ndoo kwa jirani. Maji yasipofika, aibu ingekuwa yake.

Asubuhi hiyo mume wangu akatia supa, nusu ya kipimo cha siku zote. Nilimwuliza mara mbili kama itatufikisha. Akasema itafika na kubaki.

Gari lilizima mlimani, nusu saa ya miguu kabla ya kwetu. Alishuka akachungulia tangi kana kwamba petroli imejificha. Nilimtukana. Siandiki nilivyomtukana, kwa sababu wajukuu wangu siku hizi wanajua kusoma.

Saa nne ilikwishapita walipotokea wanawake sita, majirani wa mama, wakiteremka na ndoo tupu. Wakatuamkia. Wapishi walikuwa wamewasha moto na masufuria hayana kitu, ndiyo maana wametumwa bondeni. Waliyatazama mapipa, wakanitazama mimi. Wakaanza kuchota.

Mimi nikajitwisha ndoo yangu iliyokuwa garini. Mume wangu akabaki amesimama. Kwetu mwanamume hupakia maji kwenye baiskeli. Akiyabeba kichwani watu watamcheka mpaka azikwe. Alitazama barabara juu na chini, hakuna gari linalokuja. Basi akavua koti lake, akalikunja kuwa kata ya kichwani, akaomba ndoo kwa mwanamke aliyekuwa nazo mbili.

Walimcheka njia nzima, msiba au si msiba. Maji yalimmwagikia mpaka kanzu ikamganda mwilini, na shingo ikapinda upande mmoja. Tulipofika alipita hivyo hivyo katikati ya wanaume wote waliokaa kwenye mikeka, wakwe na mashemeji. Zile ndoo zilitosha kuanzia kupika, lakini ya kwake hakuipeleka jikoni. Aliipeleka mlangoni kwa mama, akapiga magoti akaitua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

Akaanza kuomba radhi na kueleza habari za petroli. Mama alimnyamazisha kwa mkono. Alichota maji kidogo kwa kiganja, akanawa uso.

"Miaka yote maji yangu yanaletwa na gari," alisema. "Leo umeniletea wewe."

Mume wangu hakulia siku tuliyomzika baba. Alilia hapo mlangoni, kanzu inachuruzika. Nilikuwa nimemwekea maneno mengine ya njia ya kurudi, na yote yakaniishia. Nilimfuta uso kwa kanga yangu mbele ya watu wote, jambo ambalo kwetu halifanywi, nikaenda jikoni kupika.