Kiatu cha Papa Anselme

"Kupiga kamufuko na miguu, ile si sport," alitangaza leo Papa Anselme, mtunza funguo wa ukumbi wetu hapa Matonge, mtaa wetu Wakongo wa ughaibuni. Kwa hiyo sisi wachezaji tutoke, tukacheze nje kwenye theluji.

Bon. Nikampa mtihani: arudishe kifuko chetu kilichojazwa punje juu ya wavu kwa mguu, mara moja tu, nasi tutaondoka wenyewe.

Nilimpigia taratibu, kama mtu anayemlisha mgonjwa.

Kifuko kikashuka sawasawa kuelekea kiatu chake cha ngozi ya mamba.

Mguu ukakimbia. Mikono miwili ikakidaka.

"Papa, mikono ni faute, ni kosa."

"Unajua hii ni kiatu gani?"

Najua. Ni kile kilichoogopa mchezo usio mchezo.

Wanakamati wa ukumbi, najua mnasoma ukurasa huu: Jumamosi mlango uwe wazi. Mwenye kupinga aje amevaa raba.