Cheti cha Masta Ndani ya Nailoni

Nilikipeleka mwenyewe, kwa miguu yangu, hadi steshenari moja pale Ngokolo. Nikalipa, nikasimama kando nikitazama cheti cha masta cha mdogo wangu kikimezwa na mashine na kutokea upande wa pili kimekakamaa kama sinia jipya, kinang'aa ndani ya nailoni. Nikarudi nyumbani najiona mtu wa maana. Huo ndio upumbavu wangu, na nauandika mwenyewe kabla jirani hajanitangulia kuusimulia.

Sababu nilikuwa nayo. Cheti changu cha kidato cha nne kililiwa na mchwa sandukuni. Walianzia kwenye Hisabati, na kwa hapo sikuwalaumu. Kwa hiyo mdogo wangu alipokwenda Geita kumsimamia mtu duka la vipuri, akaniachia cheti chake na kuniambia, "Dada, kitunze hiki," nikakitunza. Kilikuja na karatasi ya chuo iliyokataza waziwazi kukipiga laminesheni, lakini mimi karatasi ya maelekezo huwa sisomi, hata ya dawa.

Masta yenyewe ilinichukua muda kuielewa. Usimamizi wa biashara, udhibiti na mifumo ya taarifa, vyote katika shahada moja. Majirani wakiniuliza mdogo wangu amesomea nini, nilikuwa najibu, "Kompyuta." Wakiendelea kuuliza, naongeza, "Ya juu." Nilianza kuielewa siku alipokuja kunitembelea akafungua kabati langu la jikoni.

"Dada, sukari humu ananunua nani?"

"Mimi."

"Anayeitunza?"

"Mimi."

"Na anayetangaza kwamba imeisha?"

"Mimi. Unataka niajiri karani?"

"Ndiyo maana inaisha," akasema, akafunga kabati.

Akanieleza kuwa udhibiti unaanzia hapo: kazi isishikwe na mkono mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, na mfumo uwepo wa kuonyesha kila kitu kimepita kwa nani na lini. Nilimcheka. Mimi mtu wa nyumbani, safari yangu ndefu ni ya kwenda bombani, nani ahangaike kunidhibiti? Lakini tangu siku hiyo nikawa nalamba sukari kwa kujificha, ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Kisha kikatokea kile tulichokuwa tukikiombea miaka mitatu. Kampuni moja inayopika chakula cha wafanyakazi wa mgodi ilitangaza kazi huko Segese: anatakiwa mtu wa kudhibiti ghala la chakula kwa mfumo wa kompyuta, kwa sababu kampuni inataka kuachana na makaratasi. Tangu amalize masta, hilo lilikuwa tangazo la kwanza kutaja alichosomea, karibu neno kwa neno. Akaitwa kwenye usaili. Jioni ya kuamkia siku yenyewe akafika kwangu kuchukua cheti. Nikamkabidhi kwa mikono miwili, nasubiri sifa.

Hakupiga kelele. Alikigonga kwa ukucha, kikalia ko, ko.

"Dada," akasema, "umekipika."

Asubuhi nikavaa viatu vya kanisani nikamsindikiza hadi ofisi ya kampuni. Nilitaka kumwambia mtu yeyote atakayeuliza kwamba kosa ni langu.

Usaili ulikwenda vizuri. Alitoka anatabasamu, kwa sababu maswali yote yalikuwa ya ghala, na ghala lilikuwa chakula chake. Ikabaki kuhakiki vyeti. Aliyehakiki alikuwa afisa utumishi, kijana mwenye shati lililonyooka, yuleyule aliyeandika tangazo na yuleyule aliyemsaili. Akapitisha dole gumba juu ya nailoni, mara ya kwanza, mara ya pili.

"Muhuri wa chuo ni wa kuinuka, lazima uguswe. Huu haugusiki."

"Mwanangu, kosa ni langu," nikasema. "Mimi ndiye niliyekipeleka..."

"Mama, wewe ndiye mwombaji?"

"Hapana."

"Basi subiri nje."

Nikasubiri nje, mguu mmoja ukiwa ndani.

Mdogo wangu hakubishana. Alipiga simu chuoni, na haikupita saa moja chuo kikatuma barua pepe kwenye anwani ya ofisi hiyohiyo, kuthibitisha kuwa shahada ni yake. Kijana akaisoma kwenye kompyuta iliyokuwa mbele yake.

"Barua pepe haina muhuri," akasema.

"Unaweza kuichapisha," mdogo wangu akamwambia.

"Nikiichapisha mimi, nitajuaje kama ni ya kwao?"

"Imetoka kwao. Umeipokea wewe."

"Leteni barua ya karatasi kabla ya saa tisa leo."

Chuo kiko mwendo wa siku nzima kwa basi. Kijana alilijua hilo, anwani ilikuwa juu ya cheti, ikisomeka vizuri kabisa ndani ya nailoni yangu. Nimekaa na hasira nyingi maishani, nyingine za kijinga, lakini ile ilikuwa ya haki. Kampuni inayotaka kuachana na makaratasi inamkataa mtu wa kuiachanisha nayo, kwa sababu karatasi yake haipapasiki. Miaka yote ile darasani inapimwa kwa dole gumba.

Tukakaa kwenye benchi nje ya geti tukinywa soda. Nikamwomba radhi mara ya kumi.

"Dada, nyamaza kidogo," akasema. "Umeona? Aliyetangaza ni yeye. Aliyesaili ni yeye. Anayekagua ni yeye. Anayekataa ni yeye."

Sikuthubutu kumtajia sukari.

Wiki iliyofuata alipiga simu kuuliza. Akajibiwa na kijana yuleyule kwamba nafasi imeshajazwa na mtu ameanza kazi. Mdogo wangu akauliza kwa upole kama cheti cha huyo mtu kilihakikiwa. Kijana akasema cheti chake kiko njiani.

Kiko njiani. Cha kwetu kilikuwa mezani, kikakosa kuguswa. Cha mwenzetu hakijaonekana, na mwenyewe ameshashika funguo za ghala. Mdogo wangu akarudi Geita dukani, kwenye mikanda na plagi za pikipiki. Cheti aliniachia tena, safari hii bila kusema nikitunze.

Jana nilikuwa uani nikijilaumu kwa sauti, kama kawaida yangu, kwamba bila mashine ile ya steshenari mtoto wa watu angekuwa kazini. Jirani yangu, anayeuza dagaa wa Nkome, alikuwa upande wa pili wa michongoma anapepeta. Alinisikiliza mpaka akachoka, akaweka ungo chini.

"Mama, hata ungekipeleka kimelowa mchuzi wa dagaa, wangekipokea kama angekuwa ndugu yao."