Nyau Kwenye Majivu

Juzi, Makambako, daktari wa mifugo alimwonyesha mjukuu wangu picha ya eksirei ya paka wake. Kibofuni mlikuwa na vijiwe vyeupe kama punje za mchele. Nikamkumbuka Nyau, paka wetu wa Njombe enzi za Mwingereza.

Alasiri ile jiko lilinuka moshi wa kuni za miwati, na manyunyu yalichakarisha nyasi za paa. Nyau alichuchumaa kwenye majivu akijikamua na kulia, lakini hakikutoka kitu ila tone la damu. Nilidhani anataka kuzaa; udume wake haukunijia akilini.

Baba, tarishi wa Bwana Shauri, yule ofisa Mzungu wa wilaya, aliingia na gunia.

"Paka huyu ametumwa na wachawi. Mlete nikamtupe mtoni."

"Simtoi."

"Unasemaje?"

"Simtoi, baba. Anaumwa. Ukimtupa, nitupe na mimi."

Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kumjibu hivyo. Mama aliacha kusonga ugali. Sikushusha macho. Baba aliliacha gunia mlangoni, akatoka.

Nyau alikufa kabla ya giza, mapajani mwangu, karibu na moto. Kibofu sikukijua, lakini nilijua hakutumwa na mtu.